Sura ya Tisa ya Karani Kamugisha

Kwa miaka miwili Apolonia alimlaumu fundi Mwinjuma wa Keko kwa kosa ambalo fundi hakulifanya.

Kosa lenyewe lilikuwa kabati. Mumewe, Adelard Kamugisha, aliliagiza mwaka 1952, wiki ile walipohamia nyumba yao ya Temeke: kabati la mninga, lenye milango miwili na droo moja chini. Tangu hapo, kila Jumamosi, Adelard akishatoka kazini na kula chakula cha mchana, alivaa viatu vyake vya kahawia, akachukua mkoba na kusema, "Naenda kumhimiza yule fundi." Alirudi jioni mikono mitupu, suruali imejaa vumbi la mbao.

"Safari hii anasemaje?" Apolonia aliuliza.

"Mbao hazijakauka."

"Mbao gani hizo za kukauka miaka miwili? Alizikata baharini?"

Adelard alicheka kidogo, akajipangusa suruali, akaenda kunawa. Apolonia hakumshuku hata siku moja, maana mumewe hakuwa mtu wa kushukiwa. Alikuwa mtoto wa katekista wa Bukoba, aliyesomeshwa na mapadri mpaka akawapita kwa mwandiko. Alishuka pwani mwaka 1937, akaajiriwa na kampuni moja ya kupakua mizigo kule Kurasini, na kwa miaka kumi na saba alisimama mlangoni mwa ghala, kalamu sikioni, akiandika kila robota na kila kasha lililotoka kwenye tishari, mashua za kupakulia meli. Kanisani aliimba sauti ya nne. Pombe aliionja Krismasi. Alipenda utaratibu kiasi kwamba hata orodha ya sokoni aliipa namba: 1. Ndizi. 2. Samaki. 3. Kama samaki si wazuri, rudia namba 1.

Mwezi wa Juni 1954 alishikwa na kichomi. Siku ya nne akafariki, ana miaka arobaini na mitatu.

Msiba ulipopoa na wageni wa kutoka Bukoba wakaondoka, Apolonia alirudi kufundisha kwenye shule ya wasichana ya misheni. Jumamosi moja alivaa gauni lake jeusi, akafunga kitambaa kichwani, akashika njia ya kwenda Keko. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia huyo fundi. Marehemu alikuwa amemvumilia vya kutosha.

Alipoikaribia karakana alishangaa. Hakusikia randa, wala nyundo, wala msumeno. Mlangoni palikuwa na magunia kumi na mawili ya maranda ya mbao yamepangwa ukutani, akayapita kwa kuinua gauni. Ndani wanaume saba walikaa juu ya mbao, kimya, shingo wamezinyoosha kama watu wanaosikiliza hotuba. Juu ya kitanda kisicho na tendegu moja alikaa bwana mwembamba mwenye miwani, naye alikuwa akisoma kwa sauti kutoka kwenye daftari la kijani.

"'Fransis mpelelezi akaupiga teke mlango wa ghala. Majambazi wanne wakageuka, kila mmoja na bastola mkononi. Fransis hakutishika hata kidogo. Kabla ya yote aliwaomba waandike majina yao kwa herufi kubwa, jina la baba likitangulia.'"

Karakana nzima ililipuka kwa kicheko.

"Jamani karani huyu! Watu wana bastola, yeye anataka majina!"

"Na wataandika, utaona. Mwishehe, endelea, waliandika?"

"Waliandika," alisema yule mwenye miwani. "Na mmoja kaambiwa arudie, kaandika vibaya."

Apolonia alisimama pale pale. Daftari lile alilijua, lilikuwa la ofisini. Na kwa pale alipokuwa aliuona mwandiko, zile herufi zilizolala kidogo upande wa kulia, ambazo ziliandika barua zote alizopata kabla hajaolewa. Karani aliyekuwa akichekwa alikuwa mumewe.

Fundi Mwinjuma, mzee mfupi mwenye kofia ya kitani, ndiye aliyemwona kwanza. Aliruka juu, na wenzake wote wakainuka.

"Mwalimu! Karibu, karibu ndani. Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nimefuata kabati langu."

Mwinjuma alikwenda pembeni, akavuta shuka kuukuu. Kabati lilikuwa pale, limeng'arishwa hadi mtu angeweza kujitazama. Vitasa vyake vya shaba vilishaanza hata kufifia.

"Hili limekwisha lini?" Apolonia aliuliza.

"Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani."

"Mwaka jana!"

"Si sie tuliolizuia, mwalimu. Mumeo mwenyewe alisema, liache hapa kwanza. Likija kwako, yeye atakuja Keko kwa kisingizio gani?"

Alifungua milango. Ndani, badala ya nguo, palikuwa na madaftari kumi ya kijani, yamepangwa kwa namba. Lile la Mwishehe lilikuwa la kumi na moja. Kila Jumamosi, Mwinjuma alieleza, Bwana Kamugisha alikuja kuwasomea hadithi aliyoitunga mwenyewe, iitwayo *Moshi wa Kurasini*. Wao walizoea kusomewa gazeti na Mwishehe huku wakipiga msasa, lakini hadithi hii iliwashinda. Ilibidi waweke vifaa chini.

"Ni nzuri?" Apolonia aliuliza, na hakujua kwa nini aliuliza.

Mafundi walitazamana.

"Kisa ni moto," alisema Mwishehe. "Marobota ya nguo yanashushwa bandarini. Wezi wanaandika kwamba yameingia maji ya chumvi, yameoza, yachomwe. Usiku yanatoka mazima. Kinachochomwa ni magunia ya maranda! Fransis anawafuata. Mie usingizi sipati. Lakini sasa, mwalimu, usinikasirikie... kila Fransis akitaka kumkamata mtu, marehemu anatusimamisha kutueleza fomu. Sura ya tisa ndiyo usiseme. Ni barua tupu. Ibara, ibara, ibara. Alipoifikia, sie tulitoka tukaswali alasiri, tukarudi, bado anasoma."

"Alinuna wiki mbili," alisema Mwinjuma kwa huruma. "Siku hizi Mwishehe anairuka."

Uso ulimwaka Apolonia. Mume aliyesindikizwa na kwaya nzima mpaka kaburini alikuwa mtunzi wa majambazi, na mafundi wa Keko walikuwa wakimkosoa.

"Nipeni yote," alisema.

"Tuachie walau hili la mwisho," Mwishehe aliomba. "Akitoka hapo ghalani Fransis anadandia lori."

"Fransis ashuke," alisema Apolonia, na akanyoosha mkono.

Vijana wa Mwinjuma walilipakia kabati kwenye mkokoteni. Wakati wanalipitisha mlangoni, gunia moja la maranda lilianguka, na fundi akalaani. "Haya nayo yamejaa njia. Kuna lori la wafuga kuku huja kila mwezi kuyachukua. Tangu karani afariki halijaonekana."

Apolonia alisikia, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye madaftari.

Aliyasoma siku hiyo na Jumapili asubuhi baada ya misa, amekaa kiti chenye mgongo ulionyooka, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea. Kila ukurasa ulimshtua upya. Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwamvita aliyevaa suruali na kuvuta sigara. Mwamvita alimwita Fransis "mpenzi" katika daftari la tatu, na katika daftari la nne walikaribia kubusiana, ila Fransis akakumbuka kwamba hajasaini daftari la zamu. Palikuwa na mkuu wa majambazi aliyefunga leso usoni. Palikuwa na watu waliotupwa kwenye maji ya bandari, na kila aliyetupwa alitajiwa saa na dakika.

Apolonia alikuwa mwalimu, na mwalimu hadanganyi nafsi yake juu ya insha. Kisa kilikuwa kizuri. Wazo la maranda lilikuwa la ajabu. Lakini uandishi ulikuwa kama mtu anayekimbia huku akisimama kila hatua kufunga kamba za viatu. Alipofika sura ya tisa alisoma mistari miwili, akaona "nina heshima kukuarifu", akairuka kama Mwishehe.

Daftari la mwisho liliishia katikati ya sentensi: "Fransis akaishika leso ya mkuu wa wezi, akaivuta, na". Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe.

Kati ya kurasa hizo nyeupe palikuwa na barua iliyopigwa kwa mashine, kutoka kwa kamati moja ya uchapishaji mjini. "Kisa chako kina matumaini makubwa," iliandikwa, "lakini namna ulivyokitekeleza ni dhaifu. Kila hatari inapokaribia, unaisimamisha ili kueleza taratibu za ofisi. Tunakurudishia nakala yako."

Apolonia aliisoma mara mbili. Alikuwa amefikiri hivyo hivyo dakika kumi tu zilizopita, lakini yeye alikuwa mkewe. Hao walikuwa nani? Na ina maana watu wa mjini nao wameyasoma ya Mwamvita na sigara yake, chini ya jina la Kamugisha, jina ambalo binti yao Kokushubila alilibeba bwenini kwa masista kule Bukoba! Aliona njia moja tu. Alitoka uani, akawasha jiko la mkaa, akayaleta madaftari yote kumi na moja, akayaweka chini kando ya jiko.

"Hodi humu! Tumsifu Yesu Kristo."

Sauti aliijua. Alilitandaza shuka la kufuliwa juu ya madaftari, akaenda kufungua. "Milele amina. Karibu, shemeji."

Aliyeingia alikuwa Revelian, karani mkuu wa ghala lile la Kurasini. Walitoka kijiji kimoja na Adelard. Alikuwa amebeba jeneza, bega la kulia upande wa mbele, na makaburini ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu mpaka akina mama wakalia. Siku hiyo alivaa suti ya kijivu, akakataa chai.

"Shemeji, nimekuja na jambo zito. Afadhali ulisikie kwangu." Alipangusa paji la uso. "Mjini kumekamatwa duka linauza nguo zenye alama za marobota yetu. Marobota ambayo vitabuni tumeyachoma. Polisi wanakuja ofisini kesho. Na vyeti vya kuchomea marobota hayo vina sahihi moja."

"Ya nani?"

"Ya Adelard."

Apolonia alishika ukingo wa meza.

"Mie nilishtuka kama wewe," Revelian aliendelea kwa upole. "Mtu niliyekula naye! Lakini tuyatazame mambo ilivyo. Yeye hawawezi kumfunga tena. Wakiona ni yeye, watafunga jalada, yatakwisha kimya kimya. Wewe utarudi Bukoba kwa wakwe zako. Nauli ya meli na treni nitaisimamia mwenyewe. Kokushubila ataolewa, atapata jina jingine."

"Unasema mume wangu alikuwa mwizi."

"Sisemi mie, shemeji. Sahihi zinasema." Akainama mbele. "Tena nasikia Keko aliacha vijitabu fulani. Hadithi ya wizi huo huo, hatua kwa hatua. Polisi wakivipata itakuwaje? Mtu ambaye hakuiba angejuaje hayo yote? Nipe mie nivichome. Ndilo jambo la mwisho ninaloweza kumfanyia ndugu yangu."

Uani mkaa ulikuwa umeshika vizuri. Madaftari yalikuwa hatua sita kutoka aliposimama. Dakika tano nyuma angemshukuru mtu wa kumsaidia kuyachoma. Lakini kitu kimoja kilimzuia, nacho hakikuwa werevu bali kiburi. Hata kama ni aibu, ilikuwa aibu ya nyumba yake, na haikupaswa kuteketezwa na mkono wa mtu mwingine.

"Sijayaona," alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa Jumapili tangu awe mtu mzima.

Revelian aliinuka. "Yatafute basi. Nitapita kesho jioni."

Alipoondoka, Apolonia alikaa chini uani, juu ya sakafu, kitu asichokifanya kamwe. Alifunua shuka. Swali la Revelian lilimrudia: angejuaje? Alisoma tena upesi upesi, sasa akitafuta si hadithi bali mumewe. Kila mahali majina yalikuwa ya kutunga. Ghala lilipewa jina jingine, meli jina jingine. Ndipo akafika sura ya tisa, na safari hii hakuiruka.

"Kumb. Na. MG/47. Tarehe 9 Machi 1953," ilianza. "Kwa Bwana Mkubwa wa Maghala, kwa njia ya Karani Mkuu."

Adelard aliweza kutunga jambazi, bastola na hata Mwamvita, lakini namba ya kumbukumbu asingeweza kuitunga. Kwake ingekuwa kama kughushi. Hii ilikuwa barua ya kweli, ameinakili kama ilivyokuwa.

Alisoma kwa kidole. Ibara ya kwanza ilitoa heshima. Ya pili ilieleza kwamba siku ya kuchoma marobota mabovu upepo ulileta moshi hadi ghalani, na moshi ule haukunuka nguo, ulinuka mninga na mkangazi. Ya tatu ilisema kwamba mwandishi alikwenda kwenye jivu baada ya moto kuzimika, akaokota maranda yasiyoungua, ambayo ameyaambatisha. Apolonia alimwona kabisa, ameinama kwenye jivu na viatu vyake vya kahawia.

Kisha ibara ya nne.

"4. Nakiri kwamba vyeti kumi na vinne vya nyuma nilivitia sahihi bila kufungua magunia, kwa kuwa niliambiwa yananuka na nikaamini. Kosa hilo ni langu, na niko tayari kwa adhabu yoyote."

Alifunga daftari kwa kishindo. Kwa hiyo sahihi zilikuwa zake kweli. Karani aliyeipa namba orodha ya samaki alitia sahihi mara kumi na nne bila kutazama! Lilimchoma hilo kuliko yote aliyoyasikia siku ile. Wizi angeukana mbele ya dunia nzima. Uzembe huu mumewe aliukiri kwa mkono wake, kwa wino mweusi.

Akafungua tena, maana kulikuwa na jambo jingine. *Kwa njia ya Karani Mkuu.* Ndivyo walivyofunzwa makarani wote: barua ya kwenda kwa mkubwa haiendi moja kwa moja, hupitia mikononi mwa aliye juu yako, hata ingekuwa nyumba inaungua. Adelard alikuwa amempa Revelian. Kwa mikono miwili, bila shaka, na akasimama kusubiri aruhusiwe kuondoka. Alisubiri jibu Machi, Aprili, Mei. Kumpita mkubwa wake hakuweza, hakikuwa kitu kilichomo ndani yake. Mwezi wa Ramadhani, kabati lilipokwisha, akaanza kutunga hadithi.

Na Revelian alipokuwa akiwaliza watu makaburini, barua ile alikuwa ameshaisoma zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Apolonia alilimwagia maji jiko. Moshi ulimpanda usoni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Usiku huo hakula. Asubuhi aliamua juu ya ibara ya nne: ukurasa ule ungeweza kuchanwa, na sura ingesomeka vizuri bila huo. Aliushika ukurasa kwa vidole viwili. Kisha akauacha, akaliweka daftari mkobani, akaenda Keko kumchukua fundi Mwinjuma.

Saa tatu walikuwa Kurasini, mwalimu kwa gauni jeusi na fundi kwa kanzu iliyopigwa pasi. Ofisini walimkuta Bwana Mkubwa wa Maghala, Mwingereza mrefu mwenye masharubu, pamoja na inspekta wa polisi. Revelian alikuwa amesimama dirishani na faili mkononi. Alipomwona Apolonia alitabasamu, halafu akauona mkoba, tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Shemeji, huku si mahali pa..."

"Nimekuja kwa Bwana Mkubwa," alisema Apolonia, kwa Kiingereza alichofundishwa na masista. "Naomba lifunguliwe daftari la masjala, la barua zilizoingia Machi 1953. Namba arobaini na saba."

Inspekta alinyanyua kichwa. Bwana Mkubwa aliagiza daftari liletwe. Lilikuwa kubwa, limeshonwa kwa uzi, kila ukurasa na namba yake, na karani wa masjala alilileta amelikumbatia. Alilifungua, akashuka kwa kidole.

"Ipo," alisema karani wa masjala. "Tarehe tisa Machi. Kutoka kwa Kamugisha, ghala namba tatu. Mintarafu, magunia yaliyochomwa. Imepokelewa na..." Akamtupia jicho Revelian. "Imepokelewa na Karani Mkuu. Sahihi yake hii hapa."

"Na imepelekwa kwa nani?" aliuliza Bwana Mkubwa.

Safu ile ilikuwa tupu.

Apolonia alikuwa amelala macho wazi akiungoja mstari ule, lakini alipouona alihisi kama amepigwa kofi. Hadi dakika ile sehemu moja ya moyo wake ilikuwa bado inaomba isiwe shemeji.

"Barua nyingi hupotea," alisema Revelian kwa sauti kavu. "Na huyo marehemu alikuwa mtunga hadithi. Waulizeni watu wa Keko."

"Tuko hapa," alisema fundi Mwinjuma. Inspekta alimgeukia. "Mie nimetoa maranda miaka mitatu, bwana, magunia kumi kumi na mawili kila mwezi, kwa lori la wafuga kuku. Nikasikia hadithi, nikacheka na wenzangu. Lakini mwalimu ni mwalimu, leo asubuhi ndiyo kaniuliza, huyo mwenye kuku umemwona? Nikamwambia, simjui mwenye kuku, namjua anayekaa mbele na dereva." Alinyoosha kidole dirishani. "Msibani nilimwona, kabeba jeneza. Nikadhani kafuga kuku wengi."

Hakuna aliyecheka. Faili lilikuwa limemponyoka Revelian, karatasi zimetapakaa sakafuni, na yeye hakuinama kuziokota.

Inspekta alichukua daftari la kijani, akasoma sura ya tisa yote, polepole, mkono kidevuni. Ukimtoa Apolonia, ndiye mtu wa kwanza aliyeisoma bila kupiga miayo. Alipomaliza alirudi nyuma, akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Mama, unaelewa kwamba ibara ya nne inamkosoa mumeo? Hii itaandikwa."

"Naelewa," alisema Apolonia. "Iandikwe. Mwizi asingeiandika."

Revelian alitolewa kwa mlango wa mbele, katikati ya polisi wawili, akapita mbele ya wapagazi aliowaamrisha miaka kumi. Apolonia hakumtazama. Alikuwa akifikiria jinsi alivyompa, siku ya maziko, kiti cha kwanza karibu na padri.

Baada ya mwezi kampuni ilimwandikia. Barua ilisema kwamba marehemu A. Kamugisha hakuhusika na wizi, kwamba aliripoti wizi huo kwa njia iliyo sahihi, na kwamba alikuwa na kosa la uzembe ambalo alilikiri mwenyewe. Apolonia alinakili barua hiyo yote, pamoja na neno uzembe, akaituma bwenini kwa Kokushubila. Yenyewe akaiweka kwenye droo ya kabati.

Jumamosi iliyofuata aliingia karakana ya Mwinjuma na mkoba wa mumewe begani. Mafundi waliweka randa chini bila kuambiwa. Mwishehe alimpisha kitanda, ambacho sasa kilikuwa na tendegu zote nne.

"Umetuletea lori, mwalimu?" aliuliza kwa hamu. "Sasa leso tunajua ilimficha nani, lakini nataka nimsikie Fransis akiivuta."

"Lori lingoje. Leo nasoma sura ya tisa."

Mguno ulipita, ukazimika. Alisoma namba ya kumbukumbu, tarehe, kwa njia ya nani kwenda kwa nani. Alisoma heshima, moshi wa mninga na mkangazi, maranda ndani ya jivu. Mzee Mwinjuma alivua kofia, akaipakata. Alipofika ibara ya nne, Apolonia aliisoma kwa sauti ile ile ya darasani iliyofika hadi dawati la nyuma, vyeti kumi na vinne, bila kufungua magunia, kosa hilo ni langu. Mtu mmoja nyuma alisema, "Lahaula."

Adhana ya alasiri ilisikika kutoka msikitini. Hakuna aliyesogea mpaka alipomaliza ibara ya tano.

"Bado ndefu, lakini," Mwishehe alinong'ona, akiinuka kwenda kutawadha.

"Ndefu sana," Apolonia alikubali. "Nendeni mkaswali. Nawangoja na ibara ya sita."